Ukuta wa Unyoofu

"Shusha mabega. Visigino viguse ukuta. Sasa usitikisike," Mbaraka Kuziwa alikuwa akisema, ameshika ufito kwa vidole viwili kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

Aliyekuwa ukutani ni Shomvi, fundi baiskeli wa soko la chini. Alishusha mabega, akabana tumbo, akafumba na macho, ingawa sheria haikudai macho. Mbaraka aliuchomeka ufito nyuma ya shingo yake, akauachia. Ufito ulishuka polepole, ukasita mabegani, foleni nzima ikachungulia. Kisha ukateleza kati ya mgongo na ukuta, ukaanguka chini, ta!

"Umepita," alisema Mbaraka. "Pole, kaka."

"Umepita vipi? Umesukumwa na upepo huo!"

"Hakuna upepo, Shomvi."

"Basi mwaka ujao nitakuja sijala. Nimeambiwa mwenye njaa huinama vizuri."

Watu wakacheka, lakini kwa uangalifu, maana anayecheka sana hurudisha kichwa nyuma, na kichwa kilichorudi nyuma kilikuwa kosa.

Katika nchi ile (jina lake halitajwi hapa, kwa kuwa sheria humtaka kila alisikiaye asimame, na huenda msomaji ndiyo kwanza amekaa) kila mtu mzima alipimwa unyoofu mara moja kwa mwaka. Ambaye ufito haukupita nyuma yake alipakwa alama ya chokaa begani, na neno la mwenye alama halikupingwa popote, mahakamani wala sokoni. Ambaye ufito ulipita alirudi nyumbani bila alama, na neno lake likawa sawa na kelele za kuku.

"Kwa hiyo kuanzia leo," Shomvi aliuliza, akivaa shati lake, "mteja mwenye alama akisema ameshanilipa?"

"Ameshakulipa."

"Na nikisema njaa inaniuma?"

Mbaraka alifikiri, kwa sababu alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu. "Itabidi aje mwenye alama aseme kwa niaba yako."

*

Sheria hiyo ililetwa na Mheshimiwa Gombera, Waziri wa Unyoofu, wakati mahakama zilipokuwa zimeelemewa na kesi za wizi wa mali ya umma. Kesi zilikuwa nyingi, na kwa bahati mbaya nyingi zilimtaja yeye. Akasimama bungeni, kifua mbele, akasema:

"Waheshimiwa! Mwizi hutembea ameinama, akipita chini ya madirisha. Mwongo hujikunja. Msaliti hujikunyata. Nionesheni mtu aliyesimama wima, nami nitawaonesha mtu asiyeficha kitu chini ya koti!"

Waheshimiwa walishangilia sana. Waliokuwa na vitu chini ya koti walishangilia kwa kupiga paja, kwa mkono mmoja.

Waziri alikuwa wa kwanza kupimwa na wa kwanza kupakwa chokaa. Siku hiyo hiyo alitangaza kwamba hajawahi kuiba chochote, na kwa kuwa neno lake sasa halikupingwa, kesi zote zikafungwa, majalada yakaenda kufungia karanga. Mahakimu walipata nafasi ya kupumzika, na karanga zikashuka bei. Hakuna anayeweza kusema sheria ile haikuleta nafuu.

Ili watu wapimwe, ulijengwa Ukuta wa Unyoofu katikati ya uwanja mkuu, mrefu kama mnazi. Mkandarasi alikuwa Ngulumbi, shemeji yake Waziri, aliyeshinda zabuni kwa kuwa hakuna mwingine aliyeambiwa kwamba ipo.

Mvua za kwanza hazikuuhurumia. Ukuta ulibaki wima hadi usawa wa kiuno cha mtu. Kutoka hapo kwenda juu ukaanza kuinama mbele, kuelekea uwanjani, kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Mwashi mmoja akaja na timazi lake, ile kamba yenye kitonge cha chuma mwishoni, akalining'iniza kando ya ukuta ili watu wajionee. Walijionea. Jioni hiyo timazi lilikamatwa kwa kosa la kuning'inia upande dhidi ya alama ya taifa.

Lilihojiwa. Halikujibu, jambo lililochukuliwa kuwa kiburi. Likafungiwa selo, likatundikwa kando ya ukuta wa selo hiyo ili lijirekebishe, na kila mwezi ofisa aliandika kwamba bado limekwenda upande. Selo nayo ilikuwa imejengwa na Ngulumbi.

Wananchi walikuwa wepesi kuliko timazi. Yalianzishwa madarasa ya jioni ya kufundisha unyoofu mpya. Mafundi cherehani wakashona makoti yenye mgongo uliopinda tayari. Askari walicheza gwaride huku wakitazama kwato za farasi wa Rais. Sanamu ya Muasisi wa Taifa, iliyokuwa imesimama wima kwa muda mrefu bila kumsumbua mtu, ilijaribiwa kukunjwa kwa moto. Iliposhindikana, ikaondolewa kwa kukosa maadili. Na kila msimu wa mvua ulipopita ukuta uliinama zaidi kidogo, na taifa likaufuata.

*

Baada ya Shomvi, aliyefuata kwenye foleni alikuwa Bi. Mwatima, mama yake Mbaraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisimame wapi?"

"Pale pale."

Bi. Mwatima alikuwa amepalilia mpunga tangu msichana, na mpunga ulikuwa umemwacha na mgongo uliopinda kuanzia kiunoni, kichwa kikitangulia, macho yakitazama ardhi. Mwaka wa kwanza wa sheria alikuja mapema kuliko wote. Alikuwa na jambo la kuiambia mahakama, na bila alama asingesikilizwa. Ukuta ulikuwa bado wima wakati huo. Kati ya bega lake na ukuta ungeweza kupitisha mchi. Mbaraka alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa. Aliuachia ufito, ukaanguka bila kugusa kitu, naye akasema "umepita" kama alivyofundishwa. Mama yake akasema, "Sawa, mwanangu, kazi ni kazi," akajitanda kanga yake na kurudi nyumbani na jambo lake.

Alirudi kila mwaka. Kila mwaka ufito ulipita, lakini kila mwaka ulianguka kwa taabu zaidi.

Safari hii Mbaraka aliuchomeka nyuma ya shingo ya mama yake, akauachia. Ufito haukuanguka. Alingoja. Akainama kutazama chini, akasimama kutazama juu. Ulikuwa umebanwa sawasawa toka shingoni hadi kiunoni, kama ulizaliwa hapo. Hata Waziri mwenyewe, aliyekuwa na mwalimu wa kumfundisha kuinama, hakuwahi kuubana hivyo.

Bi. Mwatima hakuwa amesogea hata kidogo. Maadili ya taifa ndiyo yaliyomfuata alipo.

"Haupiti," alisema Mbaraka.

"Hebu rudia," alisema Shomvi, aliyekuwa hajaondoka.

"Haupiti."

Habari zilifika wizarani kabla chokaa haijakauka begani kwa mama. Waziri akaja mwenyewe, na shemeji yake nyuma. Akamzunguka yule bibi kama mtu anayenunua ng'ombe, akashusha pumzi ya furaha.

"Wanaosema ukuta wetu umepinda wako wapi? Huyu hapa mkulima, hajaenda darasa hata moja, na mgongo wake ni ukuta wenyewe! Namtangaza Mama Mnyoofu wa Taifa. Kesho ni Siku ya Unyoofu. Atasimama hapa ukutani sherehe nzima, na mwisho atalisemesha taifa."

Wote wakapiga makofi. Mbaraka peke yake hakupiga, kwa sababu alikuwa akitazama bega la mama yake. Juu ya alama ya chokaa, mchanga mwembamba ulikuwa ukidondoka kutoka kwenye ufa wa ukuta, kama unga kwenye chekeche.

*

Jioni alimkuta mama yake jikoni, ungo mapajani, akichambua mchele.

"Mama, kesho usiende."

"Na nani atakayekwenda? Wewe ndiye uliyenipaka."

"Ule ukuta unatoa mchanga. Utaanguka, mama. Kama si kesho, keshokutwa."

"Nimeuona. Mchanga huanguka chini, na mimi chini ndiko ninakotazama." Alitupa kijiwe mlangoni. "Nitasimama, nitasema neno langu, nitatoka."

"Watakusimamisha toka mchana mpaka jua linazama."

"Nimesimama mpungani zaidi ya hapo."

Mbaraka alichutama karibu naye. Hakuwa na haja ya kuuliza ni neno gani. "Wanaweza kukufunga."

"Kwa sheria gani? Nina alama." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na kelele. "Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akiniambia, Mwatima, ungekuwa na mgongo ungekuwa hakimu. Sasa leo serikali imenipa mgongo. Unataka niulaze ndani?"

"Nataka uwe hai."

"Basi kesho usikae mbali na mimi," alisema, akamsogezea ungo. "Shika hapo, macho yako yanaona vijiwe vidogo kuliko yangu."

*

Sherehe ilianza mchana. Wenye alama walikaa kwenye kivuli cha ukuta. Wasio na alama walisimama juani, ili wanyooke vizuri na aibu yao ionekane. Bi. Mwatima alikuwa ukutani, amevaa kanga mpya ya wizara, na Mbaraka pembeni yake na ufito, ndoo ya chokaa, na ile alama ambayo kila mpimaji hupakwa begani. Kila bendi ilipopiga ngoma kubwa, mchanga ulidondoka.

Waziri Gombera alihutubia akiwa ameinama kwa ufundi mkubwa.

"Ndugu wananchi! Tuna maadui. Wanasimama wima huko nje na kutucheka. Walituambia tumepinda. Nani aliyetuambia? Kamba! Kamba yenye chuma mwishoni! Tangu lini taifa huru likafundishwa maadili na kamba?"

"Tangu lini!" waliitikia wenye alama.

"Leo tunajibu. Tunajibu kwa mgongo wa mama huyu! Mama Mnyoofu, neno lako halipingwi na mtu. Liambie taifa!"

Kipaza sauti kikashushwa hadi mdomoni kwa Bi. Mwatima. Hakuinua kichwa, asingeweza.

"Mimi hotuba sijui," alisema. "Macho yangu yako chini miaka yote, basi nitawaambia ya chini. Ukuta huu ulipokuwa unajengwa, mashamba yetu yalikuwa pale kando ya barabara. Malori ya saruji yalikuwa yanakuja hapa. Ukuta ulipofika kiunoni, yakaacha kuja. Yakawa yanapita njia ya kinu cha mpunga, mifuko imetoboka. Saruji ikamwagika njia nzima, mvua ikanyesha, ikaganda. Ipo mpaka leo, mnajikwaa nayo mkidhani ni mawe. Nimeifuata kwa miguu yangu kutoka hapa. Inaishia getini kwako, Mheshimiwa Gombera. Kwa hiyo huu ukuta mnaouegemea, hadi hapa kiunoni ni saruji. Kutoka hapa kwenda juu ni mchanga. Nimemaliza."

Walio juani wakageuza vichwa. Jumba la Waziri lilionekana kule kilimani, ghorofa tatu nyeupe, limesimama wima kabisa. Ndilo jengo pekee mjini ambalo timazi lisingeweza kulitia hatiani.

"Uongo!" alifoka Ngulumbi.

"Shemeji, nyamaza," alinong'ona Waziri, jasho likimtoka. "Ana alama. Huwezi kusema ni uongo."

"Basi sema amepinda."

"Nikisema amepinda, na mgongo wake ni sawa na ukuta?"

Ngulumbi akaanza kutafakari hilo. Waziri akamsogelea Mbaraka, akaweka mkono begani kwake kwa upole ambao Mbaraka hakuwahi kuuona wizarani.

"Kijana wangu. Kiti cha Mpimaji Mkuu kiko wazi. Mpime mama upya, mbele ya watu. Ufito ukipita, atarudi nyumbani salama, mambo yamekwisha. Sema neno moja tu, 'umepita'. Si mara ya kwanza kumwambia."

Mbaraka aliuchomeka ufito. Ulikaa. Kidole chake kilikuwa juu yake. Kuusukuma kidogo tu kungetosha, na hakuna ambaye angeona, maana wenye alama wote walikuwa wakitazama chini kama maadili yalivyotaka. Aliitazama shingo ya mama yake. Mchanga ulikuwa umejaa kwenye mikunjo ya kanga. Mama yake hakugeuka, wala hakusema kazi ni kazi.

Mbaraka akaondoa kidole.

"Haupiti," alisema.

"Hatusikii huku!" ilitoka sauti juani. Ilikuwa ya Shomvi.

"Haupiti!"

Wasio na alama walipiga kelele ambayo kisheria haikuwa na maana yoyote, lakini ukuta uliisikia, ukatoa mlio mkavu.

*

Hapo ndipo Ngulumbi, ambaye watu wengi walimdharau bure, alipopata wazo. "Kama bibi ni sawa na ukuta," alisema, "na ukuta ukinyooka, bibi si atakuwa amepinda?"

Waziri alimkumbatia mbele ya kadamnasi. Amri ikatolewa papo hapo: ukuta usukumwe urudi wima, sasa hivi, kisha bibi apimwe tena na neno lake lifutwe. Kwa kuwa Ukuta wa Unyoofu haukuruhusiwa kuguswa kwa mikono na wasio wanyoofu, kazi iliwaangukia wenye alama peke yao. Mawaziri walivua makoti. Mahakimu walikunja mikono ya majoho. Wakuu wa majeshi walipanga mstari, na nyuma yao wakurugenzi na manaibu wao, wote viganja ukutani.

"Na mama?" aliuliza Mbaraka.

"Abaki hapo hapo. Ukishanyooka tu, unampima."

Ukuta ukatoa mlio wa pili. Mbaraka akamshika mama yake mkono.

"Haiwezekani, Mheshimiwa. Kanuni inasema ukuta ukisogezwa, anayepimwa na mpimaji wasubiri mbali."

"Kanuni gani? Kanuni zote niliandika mimi!"

Kanuni hiyo haikuwepo. Katika miaka yote ya kazi yake Mbaraka hakuwahi kusema jambo lisilokuwepo. Alilisema sasa bila kupepesa macho, akagusa na bega lake lililopakwa chokaa.

"Ipo, Mheshimiwa. Na mimi nina alama."

Waziri akaukumbuka msingi wa utawala wake, akawapisha. Mama na mwana wakaondoka chini ya ukuta.

"Sukuma!" ilipigwa amri.

Walisukuma. Lazima isemwe kwa haki kwamba walisukuma kweli. Wengi wao hawakuwahi kufanya kazi ya umma kwa bidii kiasi hicho. Ukuta ulirudi nyuma kidogo, upana wa kiganja labda. Kisha ukakataa. Naibu mmoja alijaribu kutoa mkono mmoja ajifute jasho, na ukuta ukashuka kwake kwa mlio uliomfanya aurudishe mkono haraka. Ndipo wote walipoelewa jambo lile lile kwa wakati mmoja: walikuwa wanashikilia kitu ambacho hawakuweza kukinyoosha na hawakuthubutu kukiachia.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, shavu likiwa limebanwa na matofali, "zoezi linaendelea vizuri sana. Sasa njooni msaidie."

"Tungependa, Mheshimiwa," alijibu Shomvi, "lakini sisi hatuna alama."

*

Bi. Mwatima alikuwa ameshaanza kwenda nyumbani. Njia yake ilipita kwenye kinu, na kila baada ya hatua chache alisimama akagusa ardhi kwa kidole cha mguu. "Hii hapa," alisema. "Na hii."

Shomvi, aliyekuwa akimfuata nyuma, aliinama kutazama. Kweli, lilikuwa donge la saruji, la kijivu, gumu, lenye chapa ya tairi juu yake. Mwanamke mwingine akaliona la pili, akaita wenzake. Punde barabara nzima ikajaa watu walioinama, wasio na alama hata mmoja, wakifuata madonge kutoka moja hadi jingine kuelekea kilimani. Madarasa ya jioni yalishindwa kuwainamisha watu wale kwa miaka mingi.

Walipofika kwenye kinu, jua lilikuwa linazama, na madonge na ardhi vilikuwa vimeanza kufanana rangi. Donge moja lilionekana. Lililofuata halikuonekana tena. Kutoka uwanjani ilisikika sauti ya Waziri, nyembamba, ya mtu asiyeweza kuvuta pumzi yote.

"Mpimaji! Mpimaji, uko wapi? Njoo upime!"

Mbaraka aligeuka, akaweka viganja mdomoni. "Kesho, Mheshimiwa! Giza limeingia! Msiachie tu!"

Bi. Mwatima alinyoosha mkono, akamnyang'anya mwanawe ufito. Akauchomeka ardhini kando ya donge la mwisho, akaukandamiza kwa kisigino mpaka ukasimama.

"Tumefika hapa," aliwaambia watu. "Kesho asubuhi tuanzie hapa. Na mwenye sururu aje nayo."